Seli ulizounganisha ndizo zinazokunyima hesabu ya michango

Swali: "Habari za kazi, kaka. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Orodha ya michango naiweka kwenye Google Sheets ili wanakamati wote waione. Safu ya kwanza nimeunganisha seli ili jina la kila kundi (upande wa mama, upande wa baba, wafanyakazi wenzake, kanisani) likae mara moja tu pembeni ya watu wake. Sasa jedwali linakataa kupanga majina kwa alfabeti, na jumla ya ahadi za upande wa mama inaniletea 100,000 wakati kwa kikokotoo cha simu napata 550,000. Halafu nikataka majina matatu ya kila mtu yakae seli moja, nikaziunganisha nazo, yakabaki majina ya kwanza tu. Kikao ni Jumapili. Nifanyeje?"

Salama kabisa, dada katibu. Tuanze na majina, maana hayo ndiyo yaliyopotea. Mengine yote yanaweza kusubiri chai iive.

Usiandike chochote kwanza kwenye hilo jedwali, na waombe wenzako nao watulie nusu saa. Google Sheets inatunza historia ya faili, kwa hiyo majina yako bado yapo. Fungua faili kwenye kompyuta, ingia menyu ya File, kisha Version history, halafu See version history. Upande wa kulia itatokea orodha ya tarehe na saa, pamoja na jina la aliyegusa faili kila wakati. Shuka mpaka toleo la kabla hujaunganisha, libofye, na majina matatu utayaona yamekaa kama ulivyoyaandika.

Hapo juu kuna kitufe cha kurejesha toleo hilo zima. Kiache. Tangu siku ile wanakamati wameshaingiza malipo, na ukirejesha faili lote, jedwali litarudi lilivyokuwa kabla ya malipo hayo, halafu Jumapili shemeji atasimama kudai kwamba alilipa na katibu amemfuta. Badala yake bofya nukta tatu kando ya lile toleo uchague kutengeneza nakala yake. Utapata faili la pili, la zamani, lisilomdhuru mtu. Kutoka huko utanakili safu tatu za majina na kuzibandika kwenye jedwali la sasa, baada ya kutengua muunganiko wa seli zake. Kutengua ni hivi: chagua seli husika, ingia Format, kisha Merge cells, kisha Unmerge.

Sharti ni moja tu, mistari iwe ileile kwenye mafaili yote mawili. Hapa jedwali lako limekufanyia hisani bila kujua: kwa kuwa lilikataa kupangwa kwa alfabeti, mpangilio wa watu haujavurugika. Hata hivyo linganisha namba za simu za watu wanne watano, wa juu, wa katikati na wa chini. Kama kuna mtu alichomeka mstari katikati, utamjua hapo kabla hujampa Mama Mkubwa jina la jirani yake.

Sasa tuongee kwa nini ilitokea, maana usipolielewa hili utarudia kwenye kamati ya ubarikio.

Neno "kuunganisha" ndilo linalotuponza. Kwa Kiswahili cha kawaida, ukiunganisha vitu viwili, unategemea vyote viwili viwemo ndani. Ukiunganisha mahindi na maharage unapata makande. Lakini programu inaunganisha masanduku, na vilivyomo ndani haivichanganyi. Inachukua kilichomo kwenye seli ya juu kabisa kushoto, inakiweka kwenye sanduku jipya, na vingine vyote inavitupa. Tena inakuambia kabla ya kufanya hivyo: kinatokea kidirisha kinachosema kitakachobaki ni kile cha juu kushoto tu, je, tuendelee? Tunabofya OK kama tunavyokubali masharti ya mkopo wa simu.

Kwenye makundi hukuona kidirisha hicho, kwa sababu seli za chini zilikuwa tupu, hakukuwa na cha kutupa. Ndiyo maana ukadhani mambo yako sawa. Madhara ya huko yalikuja kimyakimya.

Tukubaliane: safu ni ile inayoshuka chini yenye herufi, mstari ni ule unaolala wenye namba. Jedwali lako, kwa maelezo yako, naliona hivi: A ni kundi, B, C na D ni majina matatu, E ni simu, F ni ahadi, G ni alicholipa. Upande wa mama wako sita, mstari wa 2 hadi wa 7, na ahadi zao tuseme ni 100,000, 50,000, 50,000, 200,000, 100,000 na 50,000. Jumla 550,000, kikokotoo chako hakijakosea.

Umeunganisha A2 hadi A7, ukaona sanduku moja refu limeandikwa "Upande wa mama". Lakini nenda seli yoyote tupu, J1 kwa mfano, uandike =A4. Haileti kitu. Ni tupu. Jaribu =A2, linakuja jina la kundi. Yaani ulichofanya ni kutundika pazia moja mbele ya milango sita. Kwa nje unaona pazia zuri. Nyuma yake, mlango wa kwanza una mtu, mitano iliyobaki haina wapangaji.

Na fomula haitazami pazia. Tangu VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 1979, kila seli ina anwani yake ya herufi na namba, na hesabu zote hupita kwenye hizo anwani. Wewe ukaandika:

=SUMIF(A2:A60,"Upande wa mama",F2:F60)

Programu ikashuka mlango kwa mlango ikiuliza, wewe ni upande wa mama? A2 akasema ndiyo, ikachukua F2, 100,000. A3 kimya. A4 kimya. Ikafika A60, ikakuletea 100,000 kwa moyo safi. Hesabu iko sahihi kwa kile ilichokiona.

Ukitaka kuona jedwali bila mapazia, lipakue kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, kisha ulifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida. CSV haijui seli zilizounganishwa, inaandika kilichomo tu. Utaona "Upande wa mama" mara moja, halafu mistari mitano inayoanza na mkato bila neno mbele yake.

Hili nami lilinipata, ndiyo maana nalisema kwa urefu. Zamani niliwahi kumsaidia mweka hazina wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Yeye alikuwa mzee wa kaunta buku, mimi kijana wa kompyuta. Niliunganisha seli za tarehe ili kila wiki ionekane mara moja, jedwali likapendeza, nikatoa jumla ya kila wiki kwa SUMIF. Mzee akatazama karatasi yangu, akafungua kaunta buku, akasema taratibu, "Kijana, hela zetu zingine umezipeleka wapi?" Nilitafuta kosa kwenye fomula siku nzima, na fomula haikuwa na kosa lolote.

Kukataa kupanga kwa alfabeti nako kunatoka hapohapo. Kupanga ni kuhamisha mistari. Mstari wa 4 ukitakiwa kwenda mstari wa 30, ule ulioshonwa na wa 2, 3, 5, 6 na 7 utaendaje peke yake? Programu haina jibu, kwa hiyo inagoma, na vichujio navyo vinagoma kwa sababu hiyohiyo. Unaosumbua hapa ni muunganiko wa wima, unaovuka mistari. Ule wa mlalo, ndani ya mstari mmoja, una matatizo yake lakini si haya.

Sasa kutengeneza. Chagua jedwali zima kwa kubofya kile kipembe kilicho juu ya namba 1 na kushoto ya herufi A, kisha utengue muunganiko wote kwa mkupuo. Jedwali litachukiza macho, vumilia. Kisha chagua A2 hadi A7, ubonyeze Ctrl na D. Jina la juu litashuka kujaza seli zote sita. Nenda kundi la pili, fanya hivyo tena. Kwa makundi yako manne na watu wasiofika sitini, hii ni kazi ya dakika mbili, usisumbuke na ujanja mwingine.

Mtu mwenye orodha ya mamia ya mistari, mathalani ada za shule nzima, atumie safu ya muda. Kwenye H2 aandike:

=IF(A2="",H1,A2)

aivute hadi chini. Maana yake: kama kushoto ni tupu, chukua kilichoko juu yangu, kama si tupu, chukua hichohicho. Kisha anakili safu ya H kuanzia H2 na kuibandika juu ya A kuanzia A2 kwa Ctrl, Shift na V kwa pamoja, ili ibandikwe thamani bila fomula. Akisahau Shift, zitabandikwa fomula zenyewe, nazo zitapotea njia na kumjazia safu nzima alama ya kosa, #REF!. Akishamaliza aifute H.

Baada ya hapo ile SUMIF yako, bila kuigusa, itakuonyesha 550,000. Na kupanga kutakubali: chagua kuanzia A1 hadi mwisho, ingia Data, kisha Sort range, fungua Advanced range sorting options, weka alama kwamba mstari wa kwanza ni vichwa, panga kwa kundi kwanza kisha kwa jina. Watu wa upande wa mama watabaki pamoja, ila ndani yao watajipanga kwa alfabeti.

Najua utakachosema. "Lakini kaka, sasa 'Upande wa mama' imejirudia mara sita, inachosha." Ni kweli inachosha, na mimi siwalaumu watu wanaounganisha seli, wanataka karatasi inayosomeka. Kuna njia ya kupata sura ileile bila kuharibu kitu. Chagua A3 hadi A60, ingia Format, kisha Conditional formatting, kwenye masharti chagua fomula yako mwenyewe, uandike:

=$A3=$A2

na rangi ya maandishi uifanye nyeupe, sawa na rangi ya seli. Kila jina la kundi linalofanana na la juu yake litafichika kwa macho, lakini limo. Utaona "Upande wa mama" mara moja, chini yake weupe, halafu "Upande wa baba". Ukipanga upya, rangi inajirekebisha yenyewe. Ukiongeza mstari mzito kati ya kundi na kundi, hata yule mjomba aliyestaafu benki hatajua tofauti.

Kwa majina, unachohitaji ni kuunganisha maneno, na hiyo ni kazi ya fomula. Kwenye H2, ambayo sasa ni tupu:

=TEXTJOIN(" ",TRUE,B2:D2)

Hizo alama za kunukuu zenye nafasi katikati ndizo gundi: kati ya jina na jina weka nafasi moja. Neno TRUE linaiambia programu iruke seli tupu, na hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu si kila mtu ameandika jina la kati. Ukitumia njia ya alama ya &, yaani =B2&" "&C2&" "&D2, asiye na jina la kati atapata nafasi mbili mfululizo; kwa macho huzioni, ila siku ukimtafuta kwa jina kamili hutampata. Kama programu inakataa mikato ndani ya fomula, jaribu nukta mkato badala yake. Hutegemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili.

Usifute B, C na D baada ya hapo. Zifiche ukipenda. Ukizifuta, H haina pa kusoma.

Angalizo moja kwa wanaounganisha maneno na tarehe. Tarehe kwa ndani ni namba ya siku tu, ndiyo maana ukiandika ="Amelipa "&K2 unaweza kuletewa "Amelipa 45658" badala ya tarehe 1 Januari 2025. Ivishe nguo kwanza: ="Amelipa "&TEXT(K2,"dd/mm/yyyy"). Pesa nazo vivyo hivyo, TEXT(F2,"#,##0").

Na kwa kuwa tumefika kwenye pesa, kagua safu za F na G kwa jicho kali. Nimeona majedwali mengi ya michango ambapo mwanakamati mmoja anaandika 50000, mwingine 50,000/=, wa tatu "laki". Programu haifahamu /= yetu. Inaona alama ngeni, inaamua hayo ni maandishi, na SUM inayaruka bila kukupigia kelele. Dalili yake: kama hukubadilisha mpangilio, namba hukaa kulia kwa seli, maandishi hukaa kushoto. Yaliyokaa kushoto yaandike upya kama namba tupu. Kama unaipenda /= yako, na mimi naipenda, iweke kama vazi: kwenye mipangilio ya namba tengeneza muundo wako wa #,##0"/=". Utaandika 50000, seli itaonyesha 50,000/=, na jumla itaihesabu.

Hukuuliza, lakini nina hakika litakufika: ukitaka kugandisha safu za mwanzo ili majina yabaki ukisogea kulia, utakataliwa kama kichwa cha habari cha juu, "Michango ya harusi", umekiunganisha kutoka A1 hadi G1. Huwezi kugandisha sehemu ya seli iliyounganishwa na kuiacha nusu nyingine itembee. Kichwa hicho hakihitaji kuunganishwa. Kiandike kwenye A1 tu na uache maandishi yamwagike kulia. Yatamwagika yenyewe mradi seli jirani ni tupu. Wanaotumia Excel wana chaguo la kuweka maandishi katikati ya seli kadhaa bila kuziunganisha. Google Sheets haina, lakini ukikiandika kwenye seli ya katikati, D1, ukakipanga katikati, kitamwagika pande zote mbili.

Sasa karatasi ya Jumapili. Wanakamati hawahitaji kuona jedwali lako la kazi, lenye simu za watu na nani hajalipa. Fungua ukurasa wa pili ndani ya faili lilelile uuite Taarifa, na ule wa kwanza uuite Michango. Kwenye A3 ya Taarifa andika:

=QUERY(Michango!A1:G60,"select A, sum(F), sum(G) where A is not null group by A label sum(F) 'Ahadi', sum(G) 'Zilizolipwa'",1)

Hii inadhani vichwa viko mstari wa 1 kule Michango; kama kichwa cha habari kimekaa juu yake, anzia A2. Mistari minne itatokea, kila kundi na ahadi zake na malipo yake, na kila mtu akilipa inajisahihisha. Safu ya nne weka baki kwa kutoa. Na hapa juu, dada katibu, unganisha seli upendavyo. A1 hadi D1, kichwa kikubwa, katikati, rangi ya sare ya harusi. Ukurasa huu haupangwi wala hauchujwi, kazi yake ni kutazamwa na kuchapwa. Muunganiko hapa haumdhuru mtu. Ila usiunganishe mahali QUERY inapomwaga majibu yake, kwa sababu majibu yatajificha nyuma ya pazia tena.

Kwenye simu ni rahisi kugusa kitu kwa bahati mbaya, kidole kinene na kitufe kidogo. Kwa hiyo ukishatengeneza, ingia Data, kisha Protect sheets and ranges, ufunge safu za A hadi F ziguswe na wewe peke yako. Safu ya G waachie mweka hazina na msaidizi wake. Wengine wote wape ruhusa ya kutazama tu.